Pori au Mahame? Magharibi ya Bara katika Maandishi ya Kiswahili

Kiswahili cha pwani kina neno lake kwa mahali palipokaliwa na watu na sasa hapana mtu: mahame. Neno hilo limetoka katika kuhama, na ndani yake wamo wale waliohama, hata kama majina yao yamekwisha sahauliwa. Apitaye mahame hushusha sauti. Hujua kwamba ule mkwaju pengine ulipandwa, kwamba lile shimo lilikuwa kisima, na kwamba chini ya yale majani yamkini pana makaburi. Yapo maneno mengine ya ukoo huo, gofu na ganjo, na yote hukiri kuwa ukimya wa mahali una tarehe ya kuanza kwake. Neno pori halikiri chochote. Pori halina aliyelihama wala aliyezaliwa ndani yake. Lilikuwapo tangu na tangu, na binadamu ndani yake ama ni mpita njia, ama ni mwindaji, ama amepotea.

Waandishi wa Kiswahili walijua kutofautisha. Walipotazama Pate, Kilwa au Gedi waliona mahame. Walipoingia bara na kuipita Tabora kuelekea Ziwa Tanganyika, waliona pori, au nyika, au mwitu, na wakapita.

Kasekese iko huko. Ni kata ya Wilaya ya Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Kabla ya hapo pote hapo paliitwa Mpanda, na kwa wasomaji wengi wa visiwani Mpanda ni mwisho wa reli, basi. Hiyo ndiyo nchi ya Wabende, Watongwe, Wakonongo na Wapimbwe. Ndiko walikopelekwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, na ndiko walikofika Wasukuma na ng'ombe wao wakitafuta malisho na mashamba mapya. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anaweza kusoma miaka ishirini asikutane na jina la Kasekese. Hilo peke yake si la kulaumu. Vijiji ni vingi na vitabu ni vichache. Linalostahili kuulizwa ni jingine. Nchi inayoizunguka kata hiyo imo katika nathari ya Kiswahili tangu mwanzo kabisa wa nathari yenyewe, lakini imo kama njia.

Wala swali hili si la wapenzi wa maneno peke yao. Neno likishatoka kitabuni huingia ofisini. Katika mikoa ya magharibi ya Tanzania, mkulima kuitwa mwanakijiji au kuitwa mvamizi wa pori ndiko kunakoamua kama mahindi yake yatavunwa au yatafyekwa. Kwa hiyo yafaa kuangaliwa ni nani aliyeiita nchi hiyo pori, alikuwa amesimama wapi, na alikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Mwanzo mwema ni Pate, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili kilipofundishwa kuusoma ukimya wa mahali. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anauchukua moyo wake kwa mkono na kuupitisha katika nyumba za mabwana waliokufa. Ndege wamezaa ndani ya madaka yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya kaure, bundi analia palipokuwa na mazungumzo, magugu yameshika nyua. Mshairi haoni magugu peke yake. Kila jani analoliona linamrudisha kwa mtu: huyu alikuwa na taa, huyu alikuwa na wapambe, huyu alitembea kwa maringo. Utenzi huo husifiwa kwa mawaidha yake juu ya dunia, na sifa hizo unazistahili, lakini haujasifiwa vya kutosha kwa adabu yake mbele ya ardhi. Hakuna pahali ndani yake ambapo mimea imeachwa iwe mimea tu. Mchongoma ulioota juu ya kaburi ni habari za aliyezikwa.

Adabu hiyo haikuvuka Mrima kwenda juu.

Mwaka 1901 Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alitoa kitabu cha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa maelezo ya wasafiri walioandika kwa lugha yao wenyewe. Miongoni mwao yumo Selemani bin Mwenye Chande, ambaye msafara wake ulitoka pwani, ukapita Tabora, ukafika ziwani, ukavuka kwenda Marungu, na huko ukakutana na mtawala mmoja na kupata naye msukosuko mkubwa. Ni maandishi mazuri. Sentensi zake ni fupi, zinatembea kwa mwendo wa miguu, na mtu anayependa Kiswahili cha kabla ya kusanifishwa hawezi kuyasoma bila ya raha. Lakini nchi iliyomo humo hupimwa kwa vipimo vya msafara: siku ngapi, maji yako wapi, chakula bei gani, hongo kiasi gani, mwenye mji ni mtu wa namna gani. Mji unapata uso kwa sababu una hongo. Palipo baina ya mji na mji hapana uso, kwa kuwa hapadai kitu.

Katika kitabu hicho hicho yumo Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mzungu hadi Urusi na Siberia. Ni ajabu ndogo ya kupendeza: msafiri wa Kiswahili akiwa katika theluji anashangaa, anauliza watu wanakula nini na wanalala vipi, na anataka kuyafahamu mahema ya watu asiowajua. Siberia ilimtoa mwandishi wa pwani maswali ambayo nchi iliyo nyuma ya Tabora haikuyatoa. Pengine sababu ni kwamba Siberia hakuijia na biashara.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili yalichapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni mwandishi wa namna nyingine. Yeye anawajua watemi kwa majina, kwa undugu wao na kwa ugomvi wao. Baba yake alikuwa na maskani na ndoa Tabora. Hata hivyo naye huiona ardhi kupitia pembe. Mahali huingia katika simulizi yake pale frasila zinapoanza kuhesabiwa, na zikiisha kuhesabiwa hutoka. Na wale waliozibeba? Wapagazi wa njia hiyo walikuwa kwa wingi Wanyamwezi na jamaa zao wa magharibi. Kila msafara ulipoipita Tabora walikuwamo ndani yake watu waliokuwa wakirejea makwao au wakipita kando ya makwao. Kwao huo haukuwa mwendo wa kwenda ndani. Kwa aliyezaliwa upande wa ziwa, pwani ndiyo iliyokuwa mbali, na ndiyo iliyokuwa na wageni. Mtazamo huo, wa nchi ile ile ikitazamwa na aliye chini ya mzigo, haumo katika mkusanyo wa Velten wala kwa Tippu Tip.

Hapa hapana budi kusema jambo ambalo wanahistoria wamelijua kwa muda na wahakiki wa fasihi hawalitumii. Sehemu kubwa ya pori la magharibi ya Tanzania ilifanywa kuwa pori. Vilitangulia vita na utekaji wa watumwa wa karne ya 19, zama za Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Katika miaka ya 1890 ikaja sotoka, ikaua ng'ombe na wanyama wa mwitu. Mashamba yalipoachwa vichaka vilirudi, na vichaka viliporudi mbung'o walirudi navyo. Kisha, kuanzia miaka ya 1920, serikali ya Waingereza ikawaondoa watu waliokuwa wametawanyika katika nchi zenye malale, ikawakusanya katika makazi makubwa, na nyuma yao ardhi ikafunga. Helge Kjekshus aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mazingira na historia ya Afrika Mashariki, na John Ford kabla yake, mwaka 1971, alikuwa amekwisha onyesha jinsi mbung'o na maskani ya watu yanavyosukumana. Zikafuata hifadhi; Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, miaka ile ile ya Operesheni Vijiji iliyowakusanya wakulima wa nchi nzima kwa mara nyingine.

Maana yake ni kwamba Mswahili aliyepita huko mwishoni mwa karne ya 19 na kuona kimya, aghalabu alikuwa akitazama mahame. Alikuwa na neno lake mdomoni na hakulitoa.

Jina lenyewe la Katavi ni ushahidi. Limetokana na Katabi, mwindaji wa masimulizi ya Wabende, ambaye roho yake yasemekana inakaa katika mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi, na watu huupelekea mti huo sadaka. Mtalii anayeuona mti huo ndani ya hifadhi huambiwa ni hadithi ya kuvutia. Kwa msomaji wa Al-Inkishafi mti huo ni daka la nyumba lililobaki baada ya nyumba kuondoka.

Miaka zaidi ya 90 baada ya kitabu cha Velten, njia ya Selemani ilipitiwa tena. Mwaka 1994 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja ambaye mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, alitoa kwa Kiingereza riwaya ya Paradise. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anachukuliwa katika msafara wa tajiri Aziz hadi ng'ambo ya ziwa, na huko wanamkuta Chatu. Wahakiki wamekwisha onyesha deni la riwaya hiyo kwa maandishi ya Selemani. Mwaka 2022 riwaya ikarudi nyumbani: Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi, na Mkuki na Nyota wameichapisha. Kwa hiyo habari iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikachapishwa Ujerumani pamoja na tafsiri ya Kijerumani, ikasomwa na Waingereza, ikageuzwa riwaya ya Kiingereza, imerejea katika Kiswahili baada ya miaka 120 hivi. Ni maandishi machache ya lugha hii yaliyosafiri hivyo.

Na kilichobadilika njiani ni kwamba Chatu amepata kauli. Kwa Selemani yeye ni balaa la safari, mfano wa mto uliofurika. Katika riwaya anakaa kitako na kuwaeleza wafanyabiashara kwa nini amewachukulia mali: wametangulia wengine wenye maneno matamu kama yao, na majirani zake wamechukuliwa wakapelekwa pasipojulikana. Hata mtu aliyelelewa kwa hadithi za misafara, akiifikia sehemu hiyo, hujikuta upande wa Chatu kabla hajajua kwamba amehama.

Lakini Chatu hasemi moja kwa moja. Anasema kupitia Nyundo, mkalimani wa msafara, na kila hoja yake inafika imeshikwa na mikono ya mtu mwingine. Wakubwa wa msafara wanamsikiliza Nyundo kwa mashaka, kwani hawana njia ya kujua kiasi gani ni cha Chatu na kiasi gani ni chake. Ndiyo hali ya bara katika fasihi yetu yote. Maneno yake yanapokuja, huja yamefasiriwa. Gurnah hakuificha hali hiyo. Ameiweka katikati ya baraza na kumfanya kila mtu aione. Huo ni uaminifu mkubwa kuliko wa mwandishi ambaye angempa Chatu hotuba ndefu kwa lugha safi, kana kwamba mwandishi na Chatu walisoma madrasa moja.

Tafsiri ya Hadjivayanis imeongeza jambo ambalo Kiingereza hakikuweza kulifanya. Katika asili, neno washenzi limeachwa kwa Kiswahili ndani ya sentensi za Kiingereza; msomaji wa London huliona kama kokoto katika wali na kulitema kwa kuwa si lake. Katika Peponi kokoto halipo. Neno limekaa sawasawa na mengine, linalainika, linapita kooni, na ndipo msomaji wa pwani anapotambua kwamba huo ni mdomo wake mwenyewe. Jina la kitabu nalo limefanyiwa kazi nzuri. Kiingereza kimeitaja pepo. Kiswahili kwa kiambishi chake kimempeleka mtu ndani yake. Na kwa kuwa katika lugha hii pepo ni ya Mwenyezi Mungu na pepo ni yule anayepungwa na watu, jina hilo lina kivuli ambacho mwandishi mwenyewe hakuwa nacho. Mabende angelisikia kwa namna yake, akiukumbuka ule mkwaju.

Pamoja na hayo yote riwaya hiyo haikuliacha pori. Bustani ya Aziz imeelezwa kwa mapenzi, kwa maji yake, vivuli vyake na miti yake ya matunda, na Yusuf anaililia. Nchi ya njiani imeelezwa kwa woga na uchovu, na miti yake ina majina kwa uchache. Haki aliyotendewa Chatu haikuifikia ardhi ya huku upande wa mashariki wa ziwa, ambayo msafara unaipita kabla ya kuyafikia maji. Hapana Chatu wa Kasekese. Hapana aliyetoka nyumbani mwake na kuuliza: mnapita juu ya nini?

Visiwani swali hilo liliulizwa mapema, na kwa ukali. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, inasomwa mashuleni kama kisa cha binti aliyedhulumiwa na jamaa. Ni kisa cha ardhi. Rehema na mumewe Sulubu wanakaa Ramwe, wanafyeka, wanapanda, wanazaa, na mahali ambapo hapakuwa na thamani machoni mwa mtu panakuwa shamba. Hapo ndipo hati inapotokea. Aliyeliacha likiwa kichaka anarudi na karatasi, na karatasi inashinda miaka ya jembe. Mwisho wake ni damu. Mohamed Suleiman alikuwa akiandika katika Zanzibar iliyokuwa imekwisha pitia mapinduzi ya 1964 na ugawaji wa eka tatu tatu, na wasomaji wake walijua vizuri kwamba shamba lina majibu mawili kwa swali moja: nani alilinunua, na nani alililima. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, ya mwaka 1978, inalijibu swali hilo kwa sauti kubwa na kwa uhakika zaidi. Nyota ya Rehema inaliacha jeraha wazi, na kwa sababu hiyo bado inauma.

Mtu akimchukua Sulubu akamweka Katavi leo, hadithi haibadiliki sana. Atafyeka mahali alipoambiwa ni pori, atalima miaka kumi, kisha itakuja ramani inayosema hapo ni hifadhi ya msitu, au ni ya kijiji kingine, au ni ya mwekezaji. Jirani yake mwenye ng'ombe ataambiwa yeye ndiye mharibifu. Wote wawili wataambiwa ni wageni, na atakayewaambia atakuwa amehamishiwa wilaya hiyo mwaka juzi. Tofauti ni kwamba Ramwe ina riwaya.

Kwa upande wa bara, Euphrase Kezilahabi ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, inawaonyesha wanakijiji wakihamishwa kwa nguvu kuingizwa katika kijiji cha ujamaa, na inathubutu kuuliza kama kijiji kilichopangwa na ofisi ni mahali au ni orodha. Lakini Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, na ziwa lake ni jingine. Nchi yake imejaa watu, imebanana, kila mwamba una hadithi na kila hadithi ina msemaji. Ukimya mkubwa wa miyombo ya magharibi haukuwa wake kuuandika, na hakujisingizia.

Basi waliokaa huko wamesema nini? Wamesema mengi, na takriban yote yamechukuliwa na lugha nyingine. Adrian Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe na kusomeshwa udaktari Malta, alifika Karema, kando ya ziwa, mwaka 1889 na akabaki huko akitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Alioa binti wa mtemi wa Wabende. Maelezo yake ya maisha yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kwa Kiingereza. Hebu msomaji afikiri: mtu aliyetolewa ukingoni mwa Sahara kwa minyororo akawa mwenyeji wa Karema kwa ndoa, kwa dawa na kwa miaka 67, na nathari ya Kiswahili, ambayo ina nafasi ya kila mfanyabiashara aliyelala Karema usiku mmoja, haikumtengenezea kiti.

Wafuatao ni watu wa Mishamo. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1978 katika wilaya iliyokuwa ya Mpanda, na leo yamo katika wilaya moja na Kasekese. Katumba yalitangulia mwaka 1973. Serikali iliwapa wakimbizi msitu na zana, na wao wakautoa humo mji, mahindi, maharage, tumbaku. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa nao katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1995, Purity and Exile, kimejengwa kwa masimulizi yao. Kinachomshtua msomaji wa fasihi ni mahali yalipoelekea masimulizi hayo. Watu walikuwa wakikaa juu ya udongo walioufyeka kwa mikono yao, na hadithi zao zote zilikuwa za udongo mwingine, wa Burundi, waliokatazwa kuukanyaga. Nchi ya ukimbizini ilikuwa ni mateso ya kuwatayarisha kurudi. Kuipenda kungekuwa kusaliti. Wenzao waliokwenda kujichanganya mjini Kigoma walisimulia kwa njia nyingine kabisa, au hawakutaka kusimulia.

Pori, kwa hiyo, lina mlango wa pili. Msafiri wa pwani aliiita nchi hiyo pori kwa kuwa alikuwa akipita. Mkimbizi aliiita hivyo kwa kuwa aliapa kwamba anapita, na akakaa miaka arobaini. Mwaka 2010 Tanzania iliwakubalia uraia watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo la 1972 na watoto wao. Kwanza walitakiwa wahamie mikoa mingine ili makazi yafungwe. Baadaye, vyeti vilipoanza kutolewa mwaka 2014, wakaruhusiwa kubaki. Katika miaka hiyo minne raia wapya walikuwa na nchi na hawakuwa na mahali. Tungo za hali hiyo, bila ya shaka, zimeimbwa makanisani na kwenye ngoma za arusi. Kwa msomaji wa Kiswahili aliye mbali, kilichofika ni taarifa za mashirika.

Ni kitabu kimoja tu kinachoweza kuwekwa mbele ya yeyote atakayetaka kuandika kutoka ndani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe. Haikupata mchapishaji. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilitoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Si kitabu cha haraka. Kurasa nzima zinakwenda kwa kupika pombe, kusuka mtego wa samaki, kumpokea mkwe. Wahakiki wenye papara wamekiita ethnografia. Wangeangalia kazi ya tafsiri yake wangeona kitu kingine. Kitereza ameyabakiza maneno mengi ya Kikerewe ndani ya Kiswahili, miti, vyombo, desturi, na hakuomba radhi. Alikuwa anajua kwamba kila neno la aina hiyo akilibadilisha kwa neno la jumla, hatua moja ya ardhi ya Ukerewe inageuka pori mbele ya macho ya msomaji.

Na hapo ndipo hata mahame, neno lililosifiwa tangu mwanzo wa makala haya, linapopungukiwa. Watafiti wa Kyoto waliofika Mahale katika miaka ya 1960 kuchunguza sokwe waliandika pia juu ya Watongwe, na walikuta watu wa vijiji vidogo vilivyotawanyika, wanaofyeka kipande cha msitu, wakakilima miaka michache, wakakiacha kipumzike na kufyeka kingine. Mahali palipoachwa namna hiyo hapakuhamwa kwa msiba. Hapana gofu wala bundi. Mwenye kupaacha anajua atarudi yeye, au mwanawe, miti ikishakua vya kutosha. Mshairi wa Pate akipita hapo angelia bila ya sababu, na karani wa misitu angepaandika kuwa hapana mtu. Kitongwe na Kibende vina maneno yao kwa hatua za mapumziko hayo, kama ilivyo kwa kila watu wanaolima hivyo. Yupo leo, Katavi au Kigoma, mwalimu wa shule ya msingi ayajuaye kutoka kwa bibi yake, na anayafundisha mashairi ya vitabuni kwa watoto ambao wazee wao wanayatumia wakienda shambani. Hao ndio watakaotakiwa kuamua, kalamu ikiwafikia, ni maneno gani ya kuyaingiza katika Kiswahili bila ya kuyafasiri.